Naomba ushauri: keki ya umbo la bajaji isije ikanilalia ukweni

MamaTunu_Segerea
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mwanangu anatimiza miaka mitano Jumamosi ijayo na hataki keki nyingine yoyote ila bajaji. Ndiyo kazi ya baba yake. Bajaji ya bluu, na mtoto anaijua mpaka ufa wa kioo cha mbele. Sherehe ni kwa bibi yake Kigamboni, mimi naoka nyumbani Segerea.

Keki za duara nazimudu, majirani wananiagiza. Mtihani ni haya maumbo. Mwezi uliopita nilijaribu kiatu cha mpira. Saa nne asubuhi kilikuwa kiatu, saa nane mchana kikawa ndala. Kisigino kilizama, fondanti (ile sukari ya kukanda ya kuvishia keki) ikapasuka ubavuni, krimu inachuruzika kama uji. Nikarudisha nusu ya hela na aibu juu yake. Nilitumia sponji yangu ya kila siku, ya mafuta ya kula, na krimu ya Blue Band.

Nina oveni ya umeme, friji ndogo na vijiti vya mishikaki. Bajaji ina paa juu na uwazi katikati: paa litasimamaje? Na vigurudumu vitatu vitabeba vipi kilo zote hizo?

Mzee_wa_Vitumbua
Oka ya duara, juu andika BAJAJI. Mtoto wa miaka mitano anajua kusoma?

MamaTunu_Segerea
Anajua. Na bibi yake anajua zaidi.

JikoniTandika
Dada, tatizo si joto la mchana peke yake. Sponji ya mafuta ni ya kunywea chai, haichongwi. Ukiibebesha fondanti inalala. Oka keki nzito ya siagi, uzito sawa kwa sawa: siagi gramu 500, sukari 500, unga 500, mayai 10. Beking pauda kijiko kimoja cha chai tu, maana ikiumuka sana inajaa matundu. Moto wa chini, nyuzi 160, saa moja na robo hadi moja na nusu kutegemea chombo chako. Fanya hivyo mara mbili, itatosha bajaji ya urefu wa sentimita 30.

Oka Alhamisi. Ikipoa ifunge kwa nailoni, ilale kwenye friji, Ijumaa uichonge ikiwa ya baridi kwa kisu cha mkate chenye meno. Kata kidogo, rudi nyuma hatua mbili, iangalie, kata tena. Makombo usitupe. Yakande na ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu, nakueleza hapa chini) yawe kama udongo wa kuchezea, ndiyo utazibia ulipokosea na kuumbia pua ya mbele.

Krimu ya Blue Band iache kabisa. Mchana wa Dar ni nyuzi 30 na kitu, chochote chenye mafuta laini kinalegea. Paka ganashi: chokoleti nyeusi gramu 600, krimu ya maziwa gramu 200. Pasha krimu, mwagia kwenye chokoleti iliyokatwakatwa, koroga, iache mpaka ishikane kama siagi ya karanga. Utakuta wengi wanasema mbili kwa moja, hao wana baridi yao. Kwetu tatu kwa moja, inakauka kama plasta.

Sasa paa. Usiache uwazi wote. Upande wa abiria uwe keki tupu mpaka juu, bandika fondanti nyeusi ubavuni, jicho litaona kivuli cha ndani. Acha wazi kwa dereva tu. Na paa lenyewe lisiwe keki, liwe kadibodi ngumu iliyovishwa fondanti. Si udanganyifu, hata wenye maduka wanafanya hivyo.

Keki ikizidi kimo cha sentimita 10, katikati weka kadibodi ya keki, na chini yake mirija minene minne iliyokatwa sawa na kimo cha keki ya chini. Mzigo unabebwa na mirija. Ya chini haisikii kitu.

RandaNaMsumeno
Mimi seremala, keki naila tu. Ila swali la matairi ni la kwangu.

Matairi yasibebe chochote. Chukua playwudi ya milimita 12, sentimita 50 kwa 35. Juu yake funga kipande cha mbao cha kimo cha sentimita 3, chembamba kuliko bodi ya bajaji ili kisionekane. Juu ya kipande hicho weka playwudi nyembamba iliyokatwa umbo la sakafu ya bajaji, skrubu zipigwe kutokea chini. Keki inakaa hapo, matairi unakuja kuyaegesha ubavuni, mapambo tu. Nguzo mbili za mbele za paa toboa mashimo usimamishe vijiti vinene KABLA ya keki. Zungushia foili kila mahali, vumbi la mbao si chakula.

Dada_wa_Aisingi
Friji mnampoteza mwenzenu. Fondanti ikitoka kwenye friji kuja kwenye hewa ya Dar inatoka jasho, inateleza, na ile nyeusi inachafua bluu. Yamenikuta kwenye keki ya harusi, bibi harusi alipiga picha za upande mmoja tu.

JikoniTandika
Friji ni kabla ya fondanti, shosti. Ikishavikwa, feni.

Dada_wa_Aisingi
Hapo sawa. Matairi tumia biskuti za mviringo mbili mbili, zishikanishe kwa chokoleti. Hazibonyei.

Mdau_Kurasini
Njia je? Usipite kivuko, ule mteremko wa kupandia pantoni utaimaliza. Pita Daraja la Nyerere. Keki ikae sakafuni, siyo kwenye kiti, kiti kina mwinamo, na siyo mapajani. Chini tandika raba ya kuzuia kuteleza. Matairi, taa na paa beba pembeni, bandika ukifika. Unaenda na gari gani?

MamaTunu_Segerea
Bajaji ya baba yake.

Mzee_wa_Vitumbua
Bajaji ndani ya bajaji. Naomba picha.

MamaTunu_Segerea
Mrejesho, wakuu. Jumapili jioni, ndiyo nimekaa chini.

Ilisimama! Fundi wa mtaani alinitengenezea ubao kama RandaNaMsumeno alivyoeleza, akacheka mpaka akakosea kipimo mara moja. Keki nzito kweli inachongeka, kisu kinapita kama kwenye sabuni. Kilichonitesa ni usiku wa Ijumaa. Nimemaliza kuivisha saa tatu, saa nne umeme ukakata, feni ikazima. Fondanti ikaanza kung'aa kwa unyevu. Nikachukua upepeo wa jikoni nikaipepea mpaka saa saba, mimi na mdogo wangu kwa zamu, mkono wangu mpaka leo unauma. Ubavu wa kushoto ulikunjamana kidogo, nikapafunika kwa namba ya usajili. Hakuna aliyejua.

Njiani baba Tunu aliendesha kama kabeba mayai, watu wanampigia honi nyuma. Tumefika nzima. Paa na matairi nimevibandika ukweni, na kabla ya kukata nikavitoa vijiti vyote nikavihesabu, maana watoto walikuwa wengi.

Mtoto kaizunguka mara mbili, kakunja uso. "Mbona kioo hakina ufa?" Baba yake akachukua ncha ya kisu akauchora. Ndipo akakubali ikatwe.

RandaNaMsumeno
Hongera sana. Ubao umeuhifadhi?

MamaTunu_Segerea
Mama mkwe kabaki nao, anasema utamfaa kukatia vitunguu.

RandaNaMsumeno
Mwambie atoe skrubu kwanza.