Pampu kubwa imefungwa, mchanganyiko umekuwa mzito: nipunguze mafuta kwenye jedwali zima?

Msukani

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kupanga mchanganyiko wa mafuta na hewa kwenye injini zenye turbo.

Injini yangu ni ya silinda nne, lita 2.0, yenye nozeli nne za sisi (sentimita za ujazo) 440 kwa dakika kila moja. Kompyuta yake inapangika upya na hukadiria hewa kwa kusoma presha iliyomo ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Busti, yaani presha ya hewa inayoongezwa na turbo, ni baa 1. Tatizo la awali lilikuwa upungufu wa mafuta: nikikanyaga hadi mwisho, lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta; chini ya 1 mafuta ni mengi, ikipanda yanapungua) ilikaa kwenye 0.80, lakini ikishavuka mizunguko 5,000 kwa dakika ilipanda hadi 0.90, na plagi nilizozifungua zilikuwa nyeupe kuliko ilivyostahili. Nikaona pampu ya zamani imechoka, nikafunga mpya ya lita 255 kwa saa.

Sasa mambo yamegeuka. Gari likinguruma limesimama, ekzosi inanuka petroli, na masahihisho ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta yenyewe inaongeza au kupunguza mafuta, yamefika asilimia 14 chini ya sifuri. Kwenye mwendo mtulivu wa barabara kuu yako asilimia 11 chini. Kwenye busti kamili, ambako kompyuta hii haitumii masahihisho hayo, lambda inabaki 0.80 hadi kwenye mizunguko 4,500, kisha juu ya 5,000 inashuka hadi 0.71 na injini inakuwa nzito, kana kwamba inabanwa pumzi. Ninasoma lambda kwa sensa pana ya oksijeni iliyofungwa kwenye ekzosi baada ya turbo, na nimehakikisha kwamba ekzosi haivuji mahali popote kabla yake.

Nimefikiria kupunguza asilimia 14 kwenye jedwali zima la mafuta, yaani namba za kompyuta zinazoamua kiasi cha mafuta. Je, hilo ni sahihi?

Fundi Mkongwe

Ndugu Msukani, nakusihi usiguse jedwali kwanza. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yanaonyesha matatizo mawili yenye vyanzo tofauti. Ukiyatibu kwa dawa moja, moja litapona na jingine litaiua injini.

Pampu haiingizi mafuta kwenye silinda. Kazi hiyo ni ya nozeli, na nozeli hutoa mafuta kulingana na mambo mawili tu: muda inaokaa wazi, na tofauti ya presha kati ya reli ya mafuta (bomba linalolisha nozeli) na manifoldi. Kwa hiyo pampu kubwa ikibadilisha mchanganyiko, maana yake ni kwamba presha ya kwenye reli imebadilika, ama sasa imezidi, ama zamani ilikuwa pungufu. Kwako naona yote mawili yametokea.

Piga hesabu nami. Nozeli zako nne zikiwa wazi muda wote zinapitisha sisi 1,760 kwa dakika, yaani takribani lita 105.6 kwa saa. Gari likiwa limesimama linanguruma, injini ya ukubwa huo hutumia kama lita moja kwa saa. Pampu yako inasukuma lita zaidi ya mia mbili. Hayo yote yanayobaki lazima yapite kwenye tundu la regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta) na mpira wa kurudisha mafuta tangini, njia iliyotengenezwa kwa ajili ya pampu ndogo. Ikiwa njia ni finyu, regyuleta hata ikifunguka yote haiwezi kushusha presha, na nozeli inamwaga zaidi ya ilivyohesabiwa na kompyuta.

Funga geji ya presha kwenye reli, washa injini, kisha uchomoe mpira mdogo wa vakyumu (mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi) kwenye regyuleta na uuzibe. Presha inapaswa kuwa baa 3.0 kama regyuleta yako ni ya kawaida. Rudisha mpira, na sindano ishuke hadi karibu baa 2.4. Kama haishuki, umempata mwizi wako wa kwanza.

Tuletee namba hizo ndipo tuzungumze kuhusu busti.

Kijana wa Gereji

Shikamoo Fundi Mkongwe. Naomba kutofautiana kidogo, kwa heshima. Mimi nilikumbana na hali kama hii, nikapunguza tu namba za mngurumo wa kusimama kwenye jedwali, na gari likatulia. Kwa nini ahangaike na regyuleta?

Fundi Mkongwe

Marahaba, mwanangu. Linatulia, sikatai, lakini linatulia kwa siku hiyo. Presha isiyodhibitiwa na regyuleta inafuata nguvu ya pampu, na nguvu ya pampu inafuata volti. Ukiwasha taa kubwa na feni, volti zinashuka, pampu inapunguza mwendo, presha inashuka, na yale mafuta uliyoyapunguza sasa unayahitaji. Jedwali lina nafasi moja tu kwa kila mizunguko na kila mzigo. Haliwezi kushika presha inayobadilika kwa sababu ambazo halizioni. Ndiyo maana naanzia kwenye chuma, kisha namba.

Mama Umeme

Kwa kuwa volti zimetajwa, naomba kuongeza mawili ambayo watu hawayaangalii wanapobadilisha pampu.

La kwanza ni waya. Pampu kubwa inavuta umeme zaidi ya waya wa awali ulivyokusudiwa. Weka mita kwenye soketi ya pampu yenyewe, wala si kwenye betri, na usome wakati pampu inafanya kazi. Kama betri inaonyesha volti 13.8 na pampuni zinafika 11.5, sehemu kubwa ya nguvu uliyoinunua inaishia njiani kama joto. Tiba yake ni waya mnene kutoka kwenye betri ukiwa na fyuzi, relei inayoamrishwa na waya wa zamani, na waya hasi mpya wenye unene uleule. Fanya hivyo kabla ya kupanga jedwali, kwa sababu ukirekebisha waya baadaye, kazi yote ya kupanga utairudia.

La pili ni mpira mfupi unaounganisha pampu na kifuniko chake ndani ya tangi. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kubeba petroli ndani yake tu. Ukizamishwa, unavimba na kulainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, kisha unapasuka, na presha inavujia ndani ya tangi ambako hakuna anayeiona wala kuinusa. Unaotakiwa ni ule ulioandikwa 30R10. Nawaomba mnaofunga pampu msilichukulie jambo hili kuwa dogo.

Msukani

Nawashukuru sana nyote. Nimepima leo.

Mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa, presha ni baa 3.4. Nilipourudisha, sindano haikutikisika hata kidogo. Ilibaki palepale kwenye 3.4. Volti kwenye soketi ya pampu ni 13.3 dhidi ya 13.8 za betri, na mpira wa ndani ya tangi ni wa 30R10, kwa hiyo huko nimetulia. Nilipoufungua mpira wa kurudisha mafuta nikakuta mahali umekunjika ulipopita nyuma ya kishikio, pengine tangu nilipokuwa nikilishusha tangi. Niliunyoosha na presha ikashuka hadi 3.2 tu. Nimeagiza regyuleta yenye tundu kubwa zaidi, inayoweza kurekebishwa.

Fundi Mkongwe

Sindano isiyotikisika ndiyo niliyoitarajia. Tazama jinsi inavyokubaliana na sensa yako: manifoldi ikiwa na vakyumu ya baa 0.65, presha ya 3.4 inaleta tofauti ya baa 4.05 badala ya 3.0. Mtiririko wa nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha, na kipeuo cha pili cha 4.05 kugawanya kwa 3.0 ni 1.16. Ili kurudi kwenye moja, kompyuta lazima ipunguze asilimia 14, sawasawa na ulivyosoma. Kwenye busti ya baa 1 regyuleta inatakiwa kupandisha presha hadi baa 4.0, juu ya kile kiwango ambacho haiwezi kushuka chini yake, hivyo huko inafanya kazi yake vizuri. Ndiyo maana hadi 4,500 ulisoma 0.80 safi. Kama ungepunguza asilimia 14 kwenye jedwali zima, hapo ungefika 0.93 kwenye busti kamili.

Sasa ile 0.71. Namba za juu ya 5,000 zinaonekana zilijazwa na aliyepanga jedwali wakati pampu ya zamani ikikata tamaa, akijaribu kufidia kwa kuziacha nozeli wazi muda mrefu. Pampu mpya imeziba upungufu, lakini ile fidia bado imo.

Ukishafunga regyuleta, iweke kwenye 3.0 mpira ukiwa umechomolewa, futa masahihisho ya zamani, endesha kwa utulivu hadi yatulie, ndipo uguse nafasi za juu. Gawanya unachosoma kwa unachotaka: 0.71 kwa 0.80 ni 0.89, maana yake upunguze asilimia 11. Usiipunguze yote mara moja. Toa asilimia 5, jaribu mahali salama pasipo magari, soma, kisha toa tena. Taimingi (wakati wa cheche za plagi) iache kama ilivyo, kwa maana mafuta ya ziada hupoza silinda na huenda yalikuwa yanaficha injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe. Ukisogeza vitu viwili kwa pamoja hutajua kilichogonga kimeletwa na nini.

Msukani

Narudi na matokeo. Regyuleta iko 3.0, na mpira wa vakyumu ukirudi sindano inashuka hadi 2.4 mbele ya macho yangu. Masahihisho ni asilimia 2 chini ya sifuri kwenye kusimama na 1 kwenye mwendo wa kawaida. Kwenye busti nilipunguza kwa hatua tatu, na lambda sasa ni 0.79 hadi 0.80 kutoka mizunguko 3,000 hadi 6,500. Muda wa nozeli kuwa wazi umeshuka kutoka asilimia 92 hadi 82. Sensa ya kugonga haijaonyesha chochote katika majaribio manne, na plagi nilizozifungua jioni hii zina rangi ya kahawia hafifu kwenye silinda zote nne.

Fundi Mkongwe

Hizo ni namba nzuri. Badilisha oili kabla hujaendelea, kwa kuwa petroli iliyozidi siku zote hizo imeteremka kwenye kuta za silinda na kuifanya oili kuwa nyepesi.