Naombeni msaada: protini moja, majina manne, semina Alhamisi

Kijana wa Maabara (mleta uzi)
Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine mambo vipi. Nina semina ya dakika 15 kuhusu MAVS, ile protini inayopitisha taarifa kwamba virusi vimeingia kwenye seli. Shida ya kwanza, kila ninachosoma kinaiita kivyake: MAVS, IPS-1, VISA, Cardif. Ya pili, jana msimamizi kaangalia slaidi ya 4, nilipoichora ndani ya mitokondria (vile viwanda vya nishati vya seli), akacheka: "Mlinzi gani huyu umemfungia chumbani?" Akaondoka zake. Nimekosea wapi?

Kisiki
Majina yasikutoe jasho, mdogo wangu. Mwaka 2005 maabara nne, za Marekani, Japani, China na Uswisi, ziliifikia karibu kwa pamoja, kila moja ikampa mtoto jina lake. MAVS ndilo lililozoeleka. Yataje mara moja, songa mbele.

Nyuzi Nyuzi
Kakuchekea kwa haki. Protini hii imechomeka mkia tu kwenye utando wa nje wa mitokondria. Mwili wote uko nje, kwenye saitoplazimu, yale majimaji ya seli. Huko ndiko RIG-I na MDA5, protini za doria, zinakozunguka zikinusa RNA ya virusi, yaani vinasaba vyao. Zikiinasa, zinakuja kuigusa MAVS kichwani, sehemu iitwayo CARD.

Hapo ndipo penye utamu. MAVS moja ikishabadilika umbo, inambadilisha na jirani, naye wa pili yake, mpaka zinashikana kuwa nyuzi. Umewahi kumwona bibi akigandisha maziwa? Kijiko kimoja cha mtindi wa jana, asubuhi kibuyu kizima kimeganda. Ni vilevile. Nyuzi hizo zinaiita TBK1, ambayo ni kimeng'enya, TBK1 inaibandika fosfeti protini iitwayo IRF3, IRF3 inaingia kwenye kiini cha seli na jeni ya interferoni, protini ya kupambana na virusi, inawashwa.

Kijana wa Maabara
Duh, mtindi nauiba! Sasa akiniuliza ushahidi kwamba kukaa hapo ukutani kuna umuhimu?

Nyuzi Nyuzi
Waulize virusi vya homa ya ini C. MAVS ina asidi amino 540, yale matofali ya protini. Kimeng'enya cha virusi hivyo, NS3/4A, kinaikata kwenye ya 508. Kipande kirefu kinabaki na CARD yake salama salimini, ila kimeng'oka ukutani, kinaelea tu, na taarifa haifiki. Kichwa hakikuguswa, umekatwa mkia. Hiyo iwe slaidi yako ya mwisho, na uichore mwenyewe, usinakili.

Mama Zawadi
CARD siijui, ila interferoni naijua. Marehemu mjomba alikuwa anachomwa kila wiki, homa ya ini C hiyohiyo. Usiku wa sindano, Dar, mwezi wa kwanza, joto la kukausha nguo ndani, yeye kajifunika mablanketi mawili na meno yanagongana. Siku hizi nasikia wanapewa vidonge tu.

Kisiki
Pole dada. Ni kitu kilekile ambacho seli inajitengenezea. Ile baridi na maumivu ya mwili ya mafua makali, sehemu yake ni interferoni ikiwa kazini, siyo virusi peke yao.

Kijana wa Maabara
Slaidi ya 4 nimeichora upya, mkia tu ndio umezama. Namtumia usiku huu. Akicheka tena, nitarudi.