Dawa za matende na mabusha mbona ni zilezile kila mwaka, hakuna mpya inayoua minyoo yenyewe?

Mwana_Mikindani

Wakuu habari za humu. Naomba wenye uelewa wa dawa wanisaidie hili maana kijiweni kwetu Mikindani limekuwa gumzo toka kingatiba ipite. Wagawa dawa wanakuja, unasimamishwa kwenye ile fimbo ya kupimia urefu, unapewa Mectizan na albendazoli unameza hapohapo, wakirudi tena ni hivohivo. Mjomba wangu anameza kila zikija na busha lake liko palepale. Sasa ninachouliza, miaka yote hii wanasayansi wameshindwa kutengeneza dawa ambayo ukimeza mara moja minyoo yote inakufa na habari inaishia hapo? Chanjo ya korona ilipatikana ndani ya mwaka. Kuna mzee anasema dawa ipo ila wanaificha, mwingine anasema sisi watu wa kusini ndo tunafanyiwa majaribio. Alafu kuna jamaa kamwambia mjomba akanunue doksisaiklini duka la dawa anywe mwezi mzima eti ndo inayoua kweli. Ni kweli au atajiumiza? Naomba majibu ya wanaojua, sio ya kubahatisha.

Mfamasia_Masasi

Mkuu nashukuru umeuliza kabla mjomba hajaenda dukani, kwanza mwambie asinunue, nitarudi huko kwenye doksi.

Hii minyoo mikubwa inakaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, madume na majike wamejisokota pamoja kama fundo la nyuzi, na wanaishi humo miaka kama 6 mpaka 8. Jike anazaa vitoto kwa mamilioni, vidogo huwezi kuviona kwa macho, hivo ndo vinavyotoka kwenye damu usiku, hasa kuanzia saa 4 mpaka saa 8, muda ambao mbu anauma. Ndo maana kupima kwa njia ya zamani ilibidi waje kuchukua damu usiku wa manane, na watu wakawa wanawakimbia wakihofia mumiani.

Sasa Mectizan, jina lake la kitaalamu ivamektini, inawapata vile vitoto. Kwenye neva na misuli ya mnyoo kuna vijimlango vya kupitisha kloraidi, dawa inavifungua na kuviacha wazi, mnyoo anapooza na mwili unamsafisha. Binadamu hatuna vijimlango vya aina ile na dawa yenyewe haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo ndo maana kwa kipimo sahihi haituumizi. Ila yale mazee makubwa kule kwenye limfu hayafi. Majike yanapunguza kuzaa kwa miezi kadhaa halafu yanaanza tena, na ndo hapo unaambiwa umeze tena. Yaani hesabu ya kingatiba ni kuhakikisha damu ya watu haina kitu cha kubebwa na mbu mpaka ile minyoo mikubwa izeeke na kufa yenyewe. Unameza ili mtoto wa jirani asipate.

Busha la mjomba ni jambo lingine kabisa. Yale ni maji yamejaa kwenye korodani kwa sababu mishipa ya limfu ilishaharibika miaka mingi iliyopita, hata ukiua minyoo yote leo yale maji hayaondoki kwa kidonge. Dawa yake ni upasuaji, tena mdogo tu, watu wanafanyiwa na wanarudi kwenye shughuli zao.

Tandahimba_Yetu

Mfamasia umeeleza vizuri ila mimi huyo mzee wa kijiweni namuunga mkono nusu. Sio kwamba dawa imefichwa, ni kwamba hakuna aliyehangaika kuitafuta. Kampuni ya dawa inaangalia nani atalipa, sasa mkulima wa huku anayesubiri mnada wa korosho ndo auze apate hela ya ada atamlipa nani? Magonjwa ya matajiri dawa mpya zinatoka kila mwaka. Hata hiyo ivamektini yenyewe ilikuwa dawa ya ng'ombe, sisi tukapewa baadae. Hilo linaniuma sana, kaka yangu kaishi na mguu mkubwa toka kijana hajaoa mpaka leo.

Mtafiti_Nachingwea

Tandahimba pole sana kwa kaka. Kwenye pesa uko sahihi asilimia kubwa, na ndo maana serikali zenyewe zinayaita magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Ila kuhusu ng'ombe ngoja nieleze maana mimi niko kwenye maabara ya utafiti na hii historia naipenda.

Mjapani Satoshi Ōmura alikuwa anaokota udongo sehemu mbalimbali anatafuta bakteria wanaotengeneza kemikali zenye faida. Udongo mmoja wa huko Japani ukatoa bakteria ambaye alipopelekwa kampuni ya dawa ya Merck kwa William Campbell na wenzake, kemikali yake ikawa inaua minyoo ya wanyama kuliko kitu chochote walichokuwa nacho. Ikaingia sokoni 1981 kama dawa ya mifugo na ikaingiza pesa nyingi sana. Campbell ndo akasukuma ijaribiwe kwa binadamu kwa ajili ya usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho, na mwaka 1987 Merck wakatangaza wataitoa bure kwa muda wote itakaohitajika. 1998 wakaiongeza na kwa matende huku Afrika kwenye nchi zenye usubi, na kampuni nyingine ya dawa, GSK, nao wakaahidi albendazoli. Ōmura na Campbell walipewa Nobel 2015, na nusu nyingine ya tuzo ileile alipewa mama wa Kichina Tu Youyou aliyegundua artemisinini, ambayo ndo iko kwenye mseto tunaokunywa tukiumwa malaria. Kwa hiyo soko la ng'ombe ndo lililolipia utafiti ambao sisi peke yetu tusingeweza kuulipia. Mimi nikiangalia hivo siioni kama dharau, mnyoo wa mbuzi na mnyoo wa mtu ni ndugu, na dawa mpya zinazokuja nazo zinapita njia hiyohiyo.

Sasa kwa nini sio haraka kama korona. Hapa ndo penyewe. Mnyoo huu haukai kwenye panya, binadamu ndo nyumba yake, kwa hiyo maabara tunatumia minyoo mingine ya ukoo wake na tunaomba Mungu itende sawa. Ukipata kemikali nzuri unaanza awamu ya kwanza kwa watu wachache wazima kuona inavumilika vipi mwilini, inakaa saa ngapi kwenye damu, kipimo gani kinaanza kuleta shida. Awamu ya pili unampa mgonjwa, na ni hapo sasa unakwama, maana utajuaje mnyoo mkubwa amekufa na yuko ndani ya limfu? Kwa wanaume kuna njia, unaweka ultrasaundi kwenye korodani na kama minyoo iko hai unaiona kwa macho kwenye skrini inapindapinda bila kutulia, mahali palepale kila ukirudi. Ikifa ule mchezo unasimama. Lakini unatakiwa urudi kuangalia baada ya miezi, mpaka mwaka na zaidi. Dawa moja tu inakula miaka namna hiyo, na kemikali nyingi zinaishia njiani.

Na kuhusu kufanyiwa majaribio: kingatiba sio jaribio. Jaribio lina fomu ya ridhaa unasomewa unasaini, lazima lipitiwe na kamati ya maadili kule NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na likihusu dawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, watoe kibali, na unaruhusiwa kujitoa siku yoyote bila kuulizwa. Ukiona mtu anakupa dawa ya utafiti bila hivo vitu kataa.

Binti_Kilwa

Jamani mimi ni mgawa dawa wa jamii huku Kilwa naomba niseme la kwangu. Nyie mnazungumzia dawa mpya sawa na mimi naitamani, lakini hizi tulizonazo tu watu hawamezi!! Unafika nyumba ya watu, akina mama na watoto wanameza, mwanaume anakwambia niwekee hapo kwenye meza nitameza jioni nikishakula. Ukirudi kesho vidonge viko palepale au kuku keshadonoa. Na sababu ni ileile kila siku, eti zinapunguza nguvu za kiume. Wakati mabusha ndo yanayowamaliza wao. Wataalamu walituambia kwenye semina angalau watu 65 kwa kila 100 wa eneo lote wameze, tena miaka mitano mfululizo, ndo maambukizi yanakatika, chini ya hapo mbu anaendelea kupata. Wale wasiomeza ndo wanatunza ugonjwa kwa ajili ya wengine wote. Na sio kila mtu tunampa, mjamzito hapana, mtoto mfupi chini ya sentimita 90 hapana, aliye mgonjwa sana hapana, kwa hiyo tunaoweza kumeza ndo tunawabebea hao.

Alafu ukimeza ukajisikia homa kidogo, kichwa, mwili kuuma, mara nyingi ni vile vitoto vya minyoo vinakufa kwenye damu. Njoo utuambie, usiende kijiweni kutangaza umepewa sumu.

Tandahimba_Yetu

Dada Kilwa umesema kweli, hata huku ni hivo. Mtafiti, nasikia India wao wanapewa dawa tatu kwa pamoja na inafanya kazi haraka. Kwa nini sisi mbili? Na kuna jamaa hapa ana ivamektini ya sindano ya mbuzi anasema ni ileile tu anaweza kunywa.

Mtafiti_Nachingwea

Ya mbuzi asiguse kabisa, ile imechanganywa kwa uzito wa mifugo na vimiminika vyake havikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu.

Dawa tatu ni kweli, Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza 2017, ya tatu inaitwa DEC. Shida ya DEC ukimpa mtu mwenye usubi, vile vitoto vya usubi vinavyokaa kwenye ngozi na kwenye macho vinakufa vingi kwa mpigo na anaweza kuharibika macho. Nchi yetu ina usubi, Mahenge, Ruvuma na kwingine, na watu wanahama, leo yuko Tunduru kesho yuko Masasi kwenye korosho. Kwa hiyo tunabaki na mbili, sio kwa kunyimwa.

Mpya zinazokuja ndo hizi. Moksidektini, ndugu yake ivamektini, nayo ni ya mifugo, ila inakaa mwilini wiki nyingi wakati ivamektini inaisha ndani ya siku chache. Marekani waliipitisha 2018 kwa usubi, na kilichonifurahisha walioipeleka ni shirika la Australia lisilo la kutafuta faida pamoja na Shirika la Afya Duniani. Kwa matende imejaribiwa Ivory Coast ikichanganywa na hizi nyingine na inasafisha damu kwa muda mrefu kuliko ivamektini. Lakini nayo haiui mnyoo mkubwa kwa uhakika. Zinazotafutwa kwa ajili ya kuua mnyoo mkubwa ni emodepsaidi, dawa ya minyoo ya paka, ambayo kampuni ya Bayer na DNDi, shirika lisilo la faida la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, wameipeleka mpaka kwa wagonjwa wa usubi Ghana, na oksifendazoli ambayo ni jamii ya albendazoli. Hizo mbili mimi ndo nazifuatilia kwa karibu sana.

Mwana_Mikindani

Asanteni sana nimeelewa mambo mengi ambayo nilikuwa sijui. Sasa narudi kwenye doksi, mbona hamjaigusa, inaua au haiui? Na kama inaua kwa nini wasitugawie hiyo? Pia shangazi yangu yuko Lindi mjini mguu umevimba mpaka ngozi imekuwa ngumu, akimeza doksi utarudi?

Mfamasia_Masasi

Nilisema nitarudi. Huyo jamaa hakutunga. Ndani ya mnyoo wa matende kuna bakteria anaitwa volbakia, wanategemeana, ukimuua bakteria mnyoo kwanza anakuwa tasa halafu anakufa polepole. Na jaribio lililoonyesha hivo kwa matende lilifanyika hapahapa kwetu, kijiji cha Kimang'a kule Pangani Tanga, wanaume 72, nusu doksi kila siku kwa wiki 8 na nusu vidonge visivyo na dawa ndani, likachapishwa 2005. Baada ya miezi 14 waliopimwa kwa ultrasaundi, kwenye kundi la doksi minyoo hai ilionekana kwa asilimia 22 tu, kundi lingine asilimia 88. Mimi kila nikikumbuka kwamba jambo kubwa namna hiyo lilitoka kwa watu wa Pangani najisikia vizuri sana.

Ila huwezi kuigawa kwa mkoa mzima. Kidonge kila siku kwa wiki nyingi, wakati Binti Kilwa anatuambia cha siku moja tu watu wanakiacha mezani. Mjamzito haruhusiwi, mtoto chini ya miaka 8 haruhusiwi, na ukimwaga antibayotiki kwa malaki ya watu unafundisha bakteria wengine usugu. Ndo maana wanatafuta kitu kitakachofanya kazi ya doksi kwa siku chache. Mjomba asijinunulie, kwanza inawezekana hana mnyoo hai hata mmoja, apimwe kwanza, na mwenye kuamua doksi ni daktari.

Shangazi: kulikuwa na tumaini kwamba doksi inapunguza mguu, wakajaribu tena kwa watu wengi zaidi Ghana, Mali na India. Wote, waliomeza doksi na wasiomeza, walikuwa wanafundishwa usafi wa mguu, na doksi haikuonyesha faida ya wazi kuliko usafi peke yake. Kwa hiyo aanze leo: maji safi na sabuni ya kawaida kila siku, aoshe mpaka kwenye mikunjo na katikati ya vidole, akaushe kwa kitambaa laini bila kusugua, akiona katikati ya vidole pamelowa au pamechubuka atibiwe haraka maana bakteria wanaingilia hapo, wanamletea zile homa za mguu kuwaka moto na kila homa inaongeza uvimbe. Akikaa aunyanyue, akilala auwekee mto, avae viatu vya wazi visivyobana. Haurudi kuwa kama wa zamani, ila homa zinapungua sana na ngozi inalainika.

Mwana_Mikindani

Shangazi nimeshampigia, anasema hakuna aliyewahi kumwambia aoshe katikati ya vidole. Mjomba naye kakubali kwenda kupimwa, anauliza tu akipasuliwa ataweza kubeba gunia msimu huu wa korosho?

Mfamasia_Masasi

Wiki kadhaa za mwanzo asibebe chochote kizito, daktari aliyempasua ndo atamwambia lini kidonda kimekaa sawa. Kama anaweza afanyiwe mapema kabla minada haijaanza. Na akishapasuliwa kingatiba ikipita aendelee kumeza, upasuaji unatoa maji, hauondoi minyoo iliyoko kwenye limfu.

Binti_Kilwa

Na mwulize mgawa dawa wa mtaa wenu, huwa kuna kambi za upasuaji wa mabusha wa bure, sisi ndo tunaoandika majina. Kama hakuandikwa aende zahanati aandikwe.