Naomba ushauri: tangu nifiwe na mume, sala hazitoki

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini huku Masasi, Mtwara. Mwezi wa tano nilimzika mume wangu. Mwezi wa saba mikorosho ikaingiwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Salfa, dawa yake, nilipata mifuko miwili tu, na marehemu ndiye aliyekuwa anabeba bomba la kupulizia. Nilishika shada la maua ya mkorosho, likapukutika, unga mweupe ukabaki vidoleni. Siku hiyo nililia kuliko siku ya msiba.

Kanisani naenda. Wanajumuiya walikuja kunipalilia shamba, Mungu awabariki sana. Lakini usiku nikipiga magoti, maneno hayaji. Kitinda mimba wangu, miaka sita, ndiye anayeanzisha Baba Yetu. Namfuatisha, tukifika "utakalo lifanyike" nanyamaza, yeye anamalizia peke yake.

Katekista aliniambia nisome Habakuki 3, pale nabii anaposema hata mtini usipochanua atamfurahia Bwana. Naamini ni neno la kweli, ila sijui mtu anafikaje hapo.

Wapo wanaosema kulia hivi ni kukosa imani. Hilo silikubali, Yesu mwenyewe alilia kwenye msiba wa Lazaro.

Mliopitia haya, mlianzaje kusali tena? Je, nimwambie Mungu uchungu wangu wote kama Ayubu? Na huyu mtoto, akiniuliza kwa nini nanyamaza, nimjibu nini?