Nataka kumweleza mama mimi ni nani, lakini hela ya mnasihi na kodi ya chumba zimegongana

Uzi_na_Sindano

Wakuu habarini. Aliyekuja kutukana naomba apite, nina shida ya kweli.

Mimi ni fundi cherehani, meza yangu iko Kariakoo, nakaa Mbagala. Nilipozaliwa niliandikwa mtoto wa kiume. Tangu nimepata akili najua mimi ni mwanamke, na nimechoka kuishi maisha mawili. Dada yangu anajua. Nilimwambia tukiwa tunakata sare za shule, akaweka mkasi chini akaniuliza, "Mama je?" Hadi leo hajaniuliza kingine.

Mama yuko Tanga. Nimerithi jina la marehemu baba yake mzazi, kwa hiyo hajawahi kulitamka, ananiita baba. Kila akipiga simu: "Baba, umekula?" Naanzia wapi hapo?

Nilitaka kwanza nikae na mtaalamu, nipange maneno na niweze kulala, maana usiku silali. Nikaenda kwa mnasihi wa binafsi, elfu sitini kwa saa. Mapokezi waliita majina yangu yote matatu kwa sauti, na mimi nimejitanda mtandio, benchi zima likageuka. Ndani, muda wote ukaishia kuulizwa kama nimerogwa na kama nimeshapelekwa kwa shekhe. Mwisho akasema nirudi na mzazi.

Siku nzuri naingiza elfu kumi na tano, hapo sijatoa pango la meza, nauli wala chakula. Baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, laki nne na themanini. Kikoba kinavunjwa Desemba. Kuna rafiki ananiambia niachane na wataalamu, ninywe vidonge vya majira, eti homoni ni zilezile na bei ni ya soda.

Nitafute mnasihi mwingine au nilipe kodi? Na mama nimwambie sasa, au nisubiri?

Nesi_Mstaafu

Mwanangu, pole. Nianze na vidonge, maana hilo haliwezi kusubiri. Usivinywe. Vingi vya majira vina homoni iitwayo etinilestradioli, na hiyo inagandisha damu kwenye mishipa kuliko estradioli ambayo madaktari huwapa wanawake kama wewe. Tena watu wanavinywa vingi kwa mpigo wakitaka matokeo ya haraka. Kama umeshameza, ukaona mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi inakata na kifua kinabana, usingoje asubuhi, kimbia hospitali. Homoni zina utaratibu wake: unapimwa presha, ini na kiwango cha homoni kabla ya kuanza, na ukiwekewa spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, lazima figo na potasiamu ziangaliwe. Hazitumiwi kwa kukisia.

La pili. Huyo aliyekuuliza kama umerogwa amekupotezea hela na amekuumiza, na wala hakuwa na haja ya kukudai mzazi, wewe ni mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, ikaanza kutumika Januari 2022, na suala hili likatolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili likapelekwa kwenye afya ya ujinsia. Miongozo ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu trans (ambao jinsia yao si ile waliyoandikwa walipozaliwa), toleo la 8 la 2022, hailazimishi mtu apitie tiba ya mazungumzo ndipo apewe homoni. Kwa hiyo huendi kwa mnasihi kufanya mtihani. Unaenda kwa sababu hulali na una jambo zito la kumwambia mama yako. Ukilijua hilo, utaona huhitaji saa nyingi, unahitaji chache za mtu sahihi.

Kabla hujatoa hata senti, piga simu. Muulize ameshawahi kumhudumia mtu trans. Muulize lengo lake ni kukubadilisha au kukusaidia uishi. Muulize kumbukumbu zako zinakaa wapi na nani anazisoma, na mwambie ni jina gani uitwe mapokezi. Akibabaika, kata simu.

Kukosa usingizi kwenyewe nenda hospitali ya serikali. Temeke iko karibu nawe, gharama ni ndogo kuliko za binafsi. Waambie silali, nina wasiwasi. Hayo ni kweli, na mengine huwajibiki kuyasema siku ya kwanza.

Kaka_wa_Tandika

Dada, mimi ni mwanaume trans, hayo mabenchi nayajua. Lipa kodi. Nasema hivyo kwa sababu nimeona wenzetu wanajiweka wazi wakati hawana pa kulala, habari inamfikia mwenye nyumba, begi linatolewa nje usiku. Ukiwa na miezi sita mkononi hata mama akikasirika una mlango wako.

Mnasihi wangu yuko Nairobi, tunaongea kwa simu mara moja kwa mwezi. Nilimweleza kipato changu bila kuficha, akanishushia. Hela natuma kwa M-Pesa, inavuka hadi ya Kenya.

Tahadhari moja. Uzi huu utakuletea watu inbox wanaojifanya wenzako, usimpe mtu jina, picha wala mtaa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha mapenzi kinyume cha maumbile, kinaadhibu tendo, hakimtaji mtu kwa anavyojitambua, lakini mtaani hakuna anayekisoma. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wetu wa wakati ule aliomba wananchi watume majina ya wanaodhaniwa ni mashoga. Serikali ikasema ni maoni yake binafsi, lakini sisi tulikuwa tumeshahama nyumba.

Mama_wa_Ilala

Mimi ni mzazi, mwanangu aliniambia. Usimwambie kwenye simu, mwanangu, na usimwambie wakati wa Idi nyumba imejaa mashangazi. Nenda Tanga siku ya kawaida, na dada yako awepo. Mimi nililia, nikasusa, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kilichonirudisha ni kwamba aliendelea kunijulia hali kila asubuhi wakati mimi sijibu. Huyo mama anayekuuliza umekula, akigoma kukuuliza wiki mbili tatu usidhani ameacha kutaka kujua.

Na hilo la kukuita baba, mwache aendelee nalo kwanza. Mimi mwenyewe bado najikwaa.

Uzi_na_Sindano

Nimesoma yote, nimelia hapa mezani, mteja akadhani nimejichoma sindano. Vidonge sinywi. Kodi nalipa, kikoba kikivunjwa ndiyo ya mnasihi. Temeke naenda wiki hii, na mama nitamfuata sare za Januari zikiisha.

Kaka, nisaidie moja. Hiyo ya simu unafanyia wapi? Chumba changu hakina dari, jirani akikohoa namsikia.

Kaka_wa_Tandika

Si lazima uongee. Mimi siku nikiwa nyumbani naandika kwa meseji, yeye anajibu kwa meseji, saa ni ileile. Nikitaka kuongea naenda ufukwe wa Coco asubuhi siku ya kazi, kunakuwa hakuna watu, navaa spika za masikioni. Futa mazungumzo ukimaliza, na simu iwe na nywila.