Ulinganisho: West Side Story, Les Misérables au Hamilton, ipi ya kujifunzia utunzi?

Kinanda_Tanga: Wakuu, swali kwa wanaotunga muziki wa tamthilia. Kwa anayeanza, ipi kati ya tamthilia hizi tatu za muziki inaonyesha wazi zaidi jinsi muziki unavyobeba kisa badala ya kukipamba tu?

SautiYaTatu: West Side Story (1957), bila kusita. Leonard Bernstein ameutumia mno umbali mmoja wa noti: do kwenda fi, yaani fa iliyopandishwa nusu. Katika wimbo wa mapenzi "Maria", jina lenyewe linaimbwa do–fi–so. Fi inakera sikio, inadai kupanda; ikifika so, unapumua. Umbali huohuo uko katika "Cool", ambako vijana wanajizuia wasilipuke. Mapenzi na ugomvi vina noti zilezile, ndiyo maana hata asiyesoma noti anahisi hatari ndani ya wimbo wa mapenzi.

Sikiliza pia "America": 6/8 inapokezana na 3/4. Hesabu 1-2-3, 1-2-3, kisha 1-2, 1-2, 1-2. Vipigo vidogo ni sita kila mara na vinalingana. Wengi huharibu kwa kuharakisha zile mbili-mbili. Aliyezoea chakacha hatasumbuka sana.

Bi_Fidla: Kwa ufundi nakubali, ila anayeanza aende Les Misérables ya Claude-Michel Schönberg (Paris 1980, London 1985). Valjean, mfungwa aliyeachiwa, anasamehewa na askofu ambaye yeye Valjean alimwibia vyombo vya fedha, anaimba akiamua kuwa mtu mpya. Baadaye sana Javert, polisi anayemwinda, anaachiwa uhai na Valjean, anaimba muziki uleule, kisha anajitupa mto Seine. Wote wamepewa rehema. Mmoja imemjenga, mwingine imemvunja. Huhitaji maneno ya kueleza hilo, tuni imeshasema.

Kosa la kawaida ni kurudisha wimbo kwa kuwa ulishangiliwa. Uliza: anayeimba sasa anajua nini kipya? Kama hakuna, kata.

SautiYaTatu: Hao wawili sipingi. Lakini tuni ya Fantine akikata roho inarudi kwa Éponine, na kwenye kisa hawana uhusiano wa maana. Mwanafunzi akiiga hapo atapotea.

Bi_Fidla: Uhusiano upo, ndugu yangu. Kila mmoja anamwimbia mtu asiyekuwepo: Fantine anamwona binti yake Cosette njozini, Éponine anamwazia Marius, kijana anayempenda.

Mdundo_Mwanza: Mmesahau Hamilton (2015) ya Lin-Manuel Miranda. Wapigaji ni 10 tu: vinanda viwili, dramu, ala nyingine za kugonga, gitaa, besi, fidla mbili, viola na selo. Katika "Helpless" Eliza anampenda Hamilton. "Satisfied" inairudisha nyuma sherehe ileile tuione kwa macho ya dada yake Angelica, vipande vya tuni vikirudi vimekatwakatwa. Marudio bora kuliko hayo siyajui.

Tahadhari kwa anayetunga kwa Kiswahili: usiige kasi ya maneno yake. Neno moja, "hatutakusahau", lina silabi saba, na mkazo uko kwenye HA ya pili kutoka mwisho. Weka ha-tu-ta-ku-sa kwenye noti tano fupi kabla ya kipigo kizito, HA iangukie kipigo chenyewe na ivutwe, u iwe fupi. Ukiangusha kipigo kwenye "ta" au "u", neno linavunjika na msikilizaji analipoteza.

Bi_Fidla: Niongeze la sauti. Broadway, kwenye kumbi za tamthilia za New York, mwimbaji hupanda jukwaani mara nane kwa wiki, kwa hiyo usimjaze noti za juu. Sehemu kubwa ikae ndani ya oktava moja (do hadi do inayofuata), ya juu kabisa itokee mara moja au mbili karibu na mwisho, na iangukie "a" au "e". Ukimpa "i" au "u" huko juu, koo linabana.

Kinanda_Tanga: Asanteni sana. Naanza na Valjean na Javert, naziandika nyimbo zao mbili sambamba kwa solfa (do, re, mi), mstari kwa mstari. "Maria" inafuata.

SautiYaTatu: Unapoziandika, weka alama pale muziki wa Javert unapoachana na wa Valjean, hasa mwishoni. Linganisha pia ala zinafanya nini chini ya sauti.