Barabara ya Bagamoyo Jumapili alfajiri: watu wa baiskeli watengewe njia?

MkaziWaBunju (mleta mada)
Wakuu, Jumapili iliyopita tulitoka Mwenge watu sita kwenda Bagamoyo, kilomita hamsini na kitu. Tulianza saa 1 kamili kwa sababu gizani malori hayatuoni. Wakati wa kurudi, saa 5 na nusu, tuko Kerege, mwenzetu akaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Macho yapo, mtu hayupo. Tukamlaza chini ya mwembe, tukaomba ndoo ya maji kwa mama wa jirani, tukammwagia kuanzia kichwani. Jasho lilikuwa bado linamtoka, kwa hiyo msimsikilize anayewaambia joto halijamkamata mtu mpaka ngozi ikauke.
Hoja yangu: Desemba hadi Machi, kila Jumapili, kati ya Mwenge na Tegeta ambako kuna njia mbili kila upande, ya kushoto iwe ya baiskeli saa 11 alfajiri hadi saa 2. Tutoke mapema, turudi jua halijawa kali. Mnasemaje?

DerevaMstaafu
Nimeendesha lori miaka 22, nasema ninachokijua. Saa 11 ndiyo daladala zinabeba wauguzi na watu wa sokoni. Wao wapite wapi? Na hizo baiskeli zenu za tairi kama kidole, mkikuta mchanga pembeni mnayumba kuja kwetu. Jua likiwaka zinapasuka zenyewe. Vaeni tairi za maana kwanza ndiyo muombe barabara.

MkaziWaBunju
Mzee wangu, kwa heshima, tairi zangu hazijawahi kupasuka. Na aliyeanguka Kerege hakuangushwa na tairi.

FundiSpoku
Mzee DerevaMstaafu, shikamoo. Kwenye kupasuka naomba nikusahihishe, ndiyo kazi yangu. Ukijaza upepo 80 (psi, kipimo cha pampu) alfajiri kwenye nyuzi 25, tairi ikaja kupata moto mpaka nyuzi 55 juu ya lami ya saa 7, upepo unafika karibu 90. Tairi nzima inahimili. Inayopasuka ni ile iliyoanikwa juani miaka mpaka ubavu umejaa nyufa, au ile ambayo utepe wa ndani ya rimu umesogea. Juzi nimefungua rimu, tyubu imetoboka upande wa ndani, kitundu kama punje ya mtama, pale pale lilipo tundu la spoku. Mwenye baiskeli analaumu jua. Joto la kuogopa kwenye tairi ni la breki: shuka Lushoto mpaka Mombo umeng'ang'ania breki za rimu, halafu iguse hiyo rimu.
Ila kwenye upana mzee yuko sahihi. Zamani tuliamini tairi ya upana wa milimita 23 na upepo 120 ndiyo mwendo. Leo hata wanaoshindana Tour de France wamehamia 28 na kuzidi. Kwa barabara zetu, kama 32 inaingia kwenye fremu, weka na upunguze upepo. Inameza shimo badala ya kukurusha.

BintiMisungwi
Nimesoma mpaka roho imeuma. Baba yangu alibeba magunia mawili ya mkaa kwa baiskeli ya Phoenix kutoka Misungwi hadi Mwanza mjini, jua hilo hilo. Hakuna aliyemtengea njia. Leo watu wa starehe wamezidiwa siku moja, serikali iwafungie barabara?

KakaMikocheni
Kila tukizungumza afya lazima mtu alete umaskini wa kwao. Hiyo ndiyo inaturudisha nyuma.

BintiMisungwi
Umaskini wa kwetu ndio ulionisomesha, kaka. Futa hilo neno. Baba amefika miaka 71, goti la kulia halikunji. Nikisema hakutengewa njia, nasema kwa uchungu, sijisifu.

MamaWaili
KakaMikocheni, hapo umekosea, mwombe dada radhi. Mtu akitaja mzazi wake unanyamaza.

KakaMikocheni
Sikumtukana mzazi wa mtu. Nimesema tabia ya kuleta hoja hiyo. Lakini kama imemuumiza, dada nisamehe.

DerevaMstaafu
Hao wabeba mkaa nawajua vizuri. Nikipiga honi anashuka kabisa barabarani na mzigo wake, anangoja nipite, halafu anausukuma kurudi kwenye lami. Sikuwahi kufikiria anaumia kiasi gani kufanya hivyo.

JiraniTegeta
Kwa hiyo njia ikitengwa, iwe ya kila baiskeli, kila siku, na muuza samaki wa Kunduchi apite. Morogoro Road ilipojengwa ya mwendokasi waliweka njia ya baiskeli pembeni. Nendeni leo mkaone: bodaboda, meza za matunda, magari yameegeshwa. Kutenga ni kazi ndogo, kuilinda ndiyo shughuli.

MkaziWaBunju
Nakubali iwe ya kila baiskeli. Kosa langu ni kuandika Jumapili tu. Ila tusisahau joto, Februari bado ina wiki tatu.

MamaWaili
Huyo mwenzenu alikunywa nini njiani?

MkaziWaBunju
Madafu mawili na maji matupu, chupa tatu.

MamaWaili
Dafu ni zuri lakini lina sodiamu kidogo, na jasho linaondoka na chumvi. Tia chumvi kidogo na ndimu kwenye chupa moja, kuleni na kitu. Maji matupu kwa wingi nayo yanaangusha.

BintiMisungwi
FundiSpoku, samahani, natoka nje ya mada. Ile Phoenix ya baba bado ipo, nataka kuivisha tairi. Dukani wamenipa iliyoandikwa 28, haiingii.

FundiSpoku
Dada, achana na 28, soma namba ndogo ubavuni. Phoenix ile ya breki za vyuma inataka 40-635 (upana, kisha kipenyo cha rimu, kwa milimita), wengine wanaandika 28 x 1½. Wamekupa 40-622 ya baiskeli za kisasa. Upana ule ule, kipenyo kimepungua milimita 13, hata ukitumia bisibisi haitaingia, utachana tu ukingo. Irudishe kabla hujaichafua. Na utepe wa rimu ununue mpya, wa zamani utakuwa umeoza.

DerevaMstaafu
Ukiipata, binti, mpe mzee salamu zangu.